Ukurasa wa Mjane

Katito, Nyakach
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Sheryl nyar Ogola, binti wa mdogo wangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa simu unafutwa, na wewe ni mtu wa kufuta. Bahasha nimempa dereva wa gari la asubuhi. Ichukue stejini Kisumu na ujibu kwa karatasi, si kwa vikatuni vya simu.

Uliondoka kwenye kikao cha mazishi kabla hakijafungwa. Ulisema una darasa. Baba yako mzazi yuko mochari, wazee wamekaa juani, na wewe una darasa! Nikauliza la nini, ukajibu bila haya kwamba ni la ushairi. Ulipofunga lango mzee mmoja akaniuliza, "Huyu mtoto anasomea nini hasa?" Nikamwambia fasihi. Akasema, "Hiyo inatibiwa wapi?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini kwa aibu. Serikali inakukopesha pesa ukajifunze mashairi, kitu ambacho bibi zetu walikifanya bure wakikamua ng'ombe.

Basi, fasihi yako imepata kazi. Tunamzika Ogola Jumamosi ya tarehe 27. Programu ya mazishi inaenda kwa mchapishaji Jumatano tarehe 24. Kuna ukurasa wangu kama kaka mkubwa, kuna wa watoto, wa kanisa, na kuna ukurasa wa mjane. Mama yako ndiye mikayi, mke wa kwanza, na hakukuwa na wa pili. Hata kama ameishi Awasi miaka yote hii, asipokaa kando ya jeneza hatuwezi kumzika mume wake. Amekubali kuja. Amesema atakuja, atakaa, atanyamaza. Vyema. Lakini ukurasa hauwezi kunyamaza, maana watu wataufungua. Kwa hiyo utamwandikia wewe, kwa sauti yake, shairi la kumuaga mumewe. MC Perez atalisoma kabla jeneza halijashushwa, mama yako akiwa amesimama pale.

Liwe tamu. Mwite taa ya nyumba. Mwite mpenzi. Sema utamkumbuka asubuhi na jioni. Usiguse habari za kuachana. Nyakach nzima inajua Ogola alimfukuza. Amekufa, yamekwisha, na mke mwema husamehe. Beti nne zinatosha. Vina vipangike vizuri kwa sababu kutakuwa na walimu.

Ni mimi Baba yako Mkubwa,
Ondiek
Naibu Chifu (Mstaafu)


Kisumu
Jumatano, 17 Septemba 2025

Baba Mkubwa,

Barua nimeipata. Dereva aliitazama ile mihuri uliyoibandika akaniuliza kama nimeitwa kortini. Nikamwambia bado kidogo.

Mzee alikuuliza nasomea nini, ukacheka na wao nikiwa nimeshatoka. Nitakujibu sasa. Tangu darasa la tano nahesabu mizani kwa vidole chini ya dawati. Wenzangu walikuwa wanaficha simu, mimi nilificha mashairi. Nilipopata barua ya kuitwa chuo nililia, na si kwa sababu ya mkopo. Wiki ya kwanza Daktari Waliaula aliingia ukumbini, tukiwa wanafunzi kama mia mbili, akaandika ubaoni maneno mawili: "Nani anasema?" Akakaa. Watu wakaanza kukohoa. Ndipo akatuambia kwamba shairi lolote mtakaloletewa, msiulize kwanza linahusu nini. Ulizeni ni nani anayesema, kwa mdomo wa nani, na amepewa na nani ruhusa hiyo. Huyo anayesema ndani ya shairi anaitwa nafsineni. Nilikuwa nimependa kitu maisha yangu yote bila kujua jina la mlango wake.

Sasa nakuuliza wewe swali lilelile. Kwenye huo ukurasa wa mjane, nani anasema? Si mama. Anayesema ni wewe, umevaa gauni la mama.

Taa ya nyumba? Nyumba ipi? Nilikuwa na miaka mitano. Ilikuwa mchana. Baba alipiga kelele mpaka watu wa posho mili wakatoka na unga kwenye nyusi. Alirusha sanduku la mama nje. Wewe ulikuwa umemshika mkono, eti unamzuia. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukatoka langoni. Na nyuma yetu baba akacheka. Nimesahau mambo mengi ya utoto, kicheko hicho sijakisahau. Aliyecheka namna ile ndiye unataka mama amwite mpenzi, kwenye kipaza sauti, akiwa amesimama kama mwanafunzi aliyeadhibiwa?

Nitaandika. Umenipa ukurasa, asante, nimeupokea. Lakini nitaandika kilichotokea.

Sheryl


Katito
Alhamisi, 18 Septemba 2025

Sheryl,

Nafsi-nini? Umekaa chuoni wiki mbili na tayari una neno ambalo halimo katika kitabu chochote nilichosoma nikiwa ofisini, na nilisoma vingi kuliko unavyodhani, kwa taa ya kandili, wakati baba wa huyo Waliaula wako alikuwa bado anachunga mbuzi. Nimesoma historia, nimesoma sheria za ardhi, nimesoma Biblia kwa lugha tatu. Hakuna mahali nilipoona kwamba mtoto anaitwa kuandika rambirambi halafu anauliza ruhusa ya mdomo.

Ngoja nikufundishe fasihi ya mazishi, kwa kuwa chuo chako hakina kozi hiyo. Maiti husifiwa. Mwizi wa ng'ombe akifa huwa alikuwa mfugaji hodari. Mlevi huwa alikuwa mchangamfu. Kila mtu chini ya hema anajua, na kila mtu anaitikia, kwa sababu kesho ni yeye atakayelala pale na hataki ukweli usomwe akiwa hawezi kujibu. Wewe unauita uongo. Mimi nauita adabu. Jamii yote imesimama juu ya adabu hiyo, na wewe umekuja na jembe kuchimba chini yake kwa sababu mtu mmoja ameandika ubaoni.

Na kuhusu siku ile, funga mdomo. Kuna mambo ulikuwa mdogo sana kuyaelewa na hayakuhusu. Nakwambia kama mtu aliyekuwepo. Andika ulivyoambiwa.

Ikifika Jumatano sina shairi, MC Perez ataandika mwenyewe, na unajua uandishi wa Perez: atamfananisha baba yako na simba, chui na trekta. Chagua.

Ondiek


Kisumu
Jumapili, 21 Septemba 2025

Baba Mkubwa,

Kazi yako hii hapa. Beti ziko nne kama ulivyoagiza, na vina vimepangika kama ulivyoagiza. Nakunakilia ubeti wa pili upande huu ili usiseme hukuuona. Zote ziko nyuma ya karatasi.

Wanitoa mlangoni, mchana watu waona,
Mtoto yu mgongoni, na mwingine twashikana,
Ukasimama shambani, kwa kicheko chenye lana,
Leo nikulilieni? Machozi ya kwako sina.

Ijumaa wanafunzi wa fasihi walikuwa na jioni ya ushairi pale bustanini, na wapya tuliambiwa tujitambulishe kwa kazi zetu. Nikasoma hili. Nilipofika "Leo nikulilieni" watu walisimama. Msichana wa mwaka wa tatu, Amirah, ambaye huwa hawasalimii hata walimu, alikuja akaniambia, "Wewe umekuja kusoma au umekuja kututisha?" Sijawahi kuambiwa neno zuri kama hilo. Mtu mmoja alirekodi. Sikumzuia.

Usiniambie nimemwaibisha mama. Anayesema mle ndani ni nafsineni, mjane yeyote aliyewahi kutolewa nje na kisha kuitwa aje alie. Wako wengi kati ya hapo na Usenge. Na kama ni adabu, mbona adabu hiyo siku zote inadai kitu kwa wanawake tu? Umewahi kuona ukurasa wa mume, ameandikiwa na ndugu za mkewe, akisema asante kwa kunifukuza?

Lisome Jumamosi au usilisome. Limeshasikika.

Sheryl


Katito
Jumatatu, 22 Septemba 2025

Wewe mtoto,

Limeshasikika kweli. Limefika Katito kabla ya bahasha yako. Leo asubuhi nimeingia kwa kinyozi, nikakuta watu watano wameinamia simu moja, na sauti yako inatoka mle ndani. Waliponiona wakaizima. Kunizimia mimi simu! Niliyewaandikia wote hao barua za kitambulisho!

Nimechana karatasi yako. Halafu nimeunganisha tena kwa gundi ili niwe na ushahidi.

Unajua umefanya nini? Unadhani umemchoma Ogola? Ogola hana habari, yuko kwenye barafu. Umemvua nguo mama yako. Atakaa kando ya jeneza Jumamosi na kila mwanamke atakayempa mkono atakuwa anamtazama kama yule wa kwenye simu, aliyetupwa nje kama maji ya vyombo. Miaka yote hii watu walikuwa wameanza kusahau. Mtu akifukuzwa mara moja inatosha, wewe umemfukuza tena kwa vina.

Wazee wamesema usiseme neno kwenye mazishi. Utavaa kitenge cha wafiwa, utakaa na watoto wenzako, utainamisha kichwa. Ukikaribia kipaza sauti, Perez ameambiwa azime jenereta.

Mjane yeyote, unasema. Basi mtafute huyo mjane yeyote akupokee likizo ikifika, maana hapa kwangu usikanyage.

Ondiek


Awasi
Jumanne, 23 Septemba 2025

Sheryl mwanangu,

Nimekupigia simu tangu jana. Hupokei, na najua kwa nini hupokei. Sasa kaa chini usome.

Jana nilikuwa nachanja watoto, foleni imefika nje, muuguzi mwenzangu Benta akaja na simu. "Sista Dorca, huyu si Sheryl wako?" Nikasimama na sindano mkononi nikamsikiliza binti yangu akisema kwa sauti yangu kwamba nilitolewa mlangoni. Akina mama wote kwenye benchi walinitazama. Mmoja akasema, "Pole, mama." Pole! Nimefanya kazi kwenye kituo hiki bila mtu kuniambia pole, leo naambiwa na mtu ambaye mtoto wake anaharisha.

Umesoma vizuri. Sauti yako imeshuka mahali pake, na pale katikati ulijua kungoja. Hilo nimeliona na sitalificha. Lakini hukuniuliza. Ondiek pia hakuniuliza. Yeye anataka nibembeleze maiti, wewe unataka niitukane, na mmeandikiana barua wiki nzima, mke wa Ondiek ameniambia, mkigombania mdomo wangu kama vile mwenyewe nimekufa pamoja na Ogola. Usinijie na hiyo nafsi yenu ya darasani. Ulisema mtoto yuko mgongoni na mwingine umemshika mkono. Huyo si mjane yeyote. Huyo ni mimi.

Na huyo si mimi vilevile, kwa sababu mimi sikufukuzwa. Niliondoka.

Sikiliza jinsi ilivyokuwa. Nilikuwa na kazi kule kituo cha afya, kabla hujaanza shule. Baba yako hakupenda zamu. Aliniambia niache, nikakataa. Siku moja naenda kazini nikaambiwa zamu yangu imepewa mtu mwingine, kwa kuwa mume wangu alikuja Ijumaa akasema nimeacha kazi. Alisema kwa niaba yangu. Akawashukuru kwa niaba yangu. Alikuwa mpole sana, wakaniambia, hata aliaga kila mtu. Nilirudi nyumbani nikamwambia naondoka, naenda Awasi, wamekubali kunichukua kule.

Hakunipiga. Nataka ujue hilo pia. Alikaa kwenye kiti akashika kichwa. Akasema, "Dorca, mwanamume hawezi kuachwa. Sokoni watasema nini?" Kilichomuuma kilikuwa soko. Mimi kilichonitia hofu kilikuwa nyinyi, kwa maana watoto ni wa baba, ningeondoka mikono mitupu na hakuna mzee ambaye angenisaidia. Nikafikiri. Nikamwambia, "Sema umenifukuza. Piga kelele watu wasikie. Na mimi nitachukua watoto, kwa sababu mtu aliyefukuza mke kwa hasira anaweza kufukuza na watoto wake." Akaniuliza, "Na ukija kuyasema?" Nikamwambia sitasema mpaka udongo umfunike. Ondiek alikuwa hapo kwenye kiti cha pili. Ndiye shahidi.

Kwa hiyo kile ulichokiona ni mchezo tulioupanga. Ogola alipiga kelele, Ondiek akamshika mkono kama walivyokubaliana. Baba yako hakuwa mwigizaji. Alirusha sanduku likamwangukia Ondiek kwenye kidole cha mguu, Ondiek akaruka kama kuku. Ndicho kilichomchekesha. Mimi mwenyewe niliuma midomo nisicheke, nikakuvuta mkono kwa nguvu, ndiyo maana ulilia. Kicheko chenye lana, unasema. Mwanangu.

Yeye alichukua sifa ya kunifukuza, mimi nikachukua watoto. Nimeona aibu hiyo njiani, kanisani, kwenye harusi za watu, na sijawahi kuijutia hata siku moja. Wewe ukadhani umepata ukweli, ukakimbia nao, na kumbe umeokota uongo wa baba yako ukautia vina.

Mwambie Ondiek ukurasa wangu usiandikwe kitu. Wala sukari wala pilipili. Jina langu peke yake. Nitakaa pale kwenye kiti mpaka mwisho, kama nilivyosema.

Halafu upokee simu.

Mama yako,
Dorca


Kisumu
Jumatano, 24 Septemba 2025

Baba Mkubwa,

Hii naituma kwa bodaboda mpaka mkononi mwako, kwa sababu leo unaenda kwa mchapishaji.

Ukurasa wa mjane uwe na jina la Dorca na picha yake. Chini yake pawe peupe. Si shairi langu, si la Perez, si neno moja. Mama amesema. Nimemuuliza. Mmoja wetu alipaswa kumuuliza tangu mwanzo.

Sasa najua kidole chako cha mguu kilivyoumia.

Uliniandikia kwamba kuna mambo sikuyaelewa, halafu ukaniacha niingie shimoni nikiwa nakimbia. Ulijua shairi langu ni uongo na sababu unaijua. Ungeweza kusema kwa mstari mmoja. Badala yake ukaniambia nimemfukuza mama tena. Wewe! Ungeniacha nimalize maisha yangu nikimchukia baba kwa kicheko ambacho kilikuwa cha sanduku, ilimradi sokoni wasiseme Ogola aliachwa.

Jambo linaloniuma zaidi nitakwambia wewe, kwa sababu wewe ni adui na hutanionea huruma. Nilidhani mimi na wewe tunapigana. Kumbe tumeandika uongo mmoja. Wako mtamu, wangu mchungu, na wote tumeupata kwenye kinywa cha baba. Leo asubuhi nilikwenda ofisini kwa Daktari Waliaula nikamwambia nataka kuliondoa shairi kwenye jarida la wanafunzi, walikuwa wamelichukua. Akaniuliza, "Lina kosa gani? Ni shairi zuri." Nikamwambia anayesema mle ndani hayupo. Akasema, "Basi kaa na aibu hiyo, itakusaidia kuliko mimi." Nilitaka anipinge. Nilitaka aseme sanaa ni sanaa. Hakusema.

Ile video haifutiki. Nimejaribu.

Nitavaa kitenge, nitakaa na watoto, nitanyamaza. Si kwa amri yako.

Sheryl


Katito
Jumatatu, 29 Septemba 2025

Sheryl,

Usiniambie hukujua. Nilikuona. Watu wote walikuwa wanalia, wewe ulikuwa unatazama makoleo.

Niliweka ukurasa mweupe kama mlivyotaka. Watu wakauliza kama wino ulikwisha. Nikavumilia. Mama yako akakaa kando ya jeneza tangu alfajiri, amenyooka, hajaomba hata maji, na mimi, mjinga mkubwa, nikamwambia mke wangu, "Umeona? Huyo ndiye mwanamke aliyelelewa." Jeneza likashuka. Mchungaji akamaliza. Vijana wakajaza udongo. Watu wakaanza kugeuka kuelekea kwenye chakula, na hapo ndipo akasimama akawauliza wale vijana, "Mmemaliza?" Wakasema, "Tumemaliza, mama." Akauliza tena, "Hakuna mahali panaonekana?" Wakasema hakuna. Ndipo akageuka.

Perez alikimbilia jenereta. Jenereta! Mwanamke hakuwa hata na kipaza sauti. Alitumia ile sauti anayoitia watu wa foleni. "Ogola hakunifukuza. Nilimwacha mimi. Tulipatana aseme amenifukuza ili anipe watoto, na Ondiek yuko hapo, anajua." Halafu akanawa mikono akaenda kwenye foleni ya chakula, akachukua sahani kama mtu aliyetoka kupanda mahindi.

Wanawake wa kwaya walipiga vigelegele. Kaburini! Mzee mmoja wa upande wa mama yetu alinijia na fimbo akaniuliza kama ni kweli nilikaa kwenye mpango kama huo. Mimi, Ondiek, nikakimbilia nyuma ya hema. Leo sokoni wanasema "yule marehemu aliyeachwa". Hawasemi Ogola tena. Na mke wangu tangu Jumamosi ananitazama kwa namna sijaizoea, jana nilimuuliza kuna nini, akasema, "Nafikiri tu."

Hili linarekebishika. Jumapili ijayo kuna ibada ya shukrani. Utaandika tamko fupi, kwa sauti ya mama yako, kwamba alikuwa amechanganyikiwa kwa msiba, hakulala, hakula, na maneno yale yalikuwa ya uchungu. Si lazima liwe shairi. Fanya kwa maneno ya kawaida. Mchungaji atasoma. Ukifanya hivyo nitasahau yote, na lango langu litakuwa wazi likizo ikifika.

Ondiek


Awasi
Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Shemeji Ondiek,

Sheryl amenisomea barua yako kwenye simu. Alitaka kukujibu mwenyewe na alikuwa ameanza vizuri sana, nikamwambia aache, arudi kwenye vitabu vyake, ana mtihani.

Kwa hiyo umetafuta tena mtu wa kuniandikia. Hapana, nitaandika mwenyewe, na hii unaweza kumpa mchungaji akasoma yote. Nililala vizuri Ijumaa ile. Nilikula uji. Sikuchanganyikiwa. Niliahidi kunyamaza mpaka udongo umfunike, na wewe ulisikia nikiahidi, ukakaa miaka yote ukijua siku hiyo itafika. Kama hukujiandaa, hilo si deni langu. Kuachwa si kosa la jinai, shemeji. Hata wewe unaweza kuachwa. Muulize mkeo anafikiri nini.

Usinifikirie kwamba nilimchukia. Nyinyi wawili, wewe na binti yangu, mmeandika kurasa nyingi kumhusu na hakuna aliyeandika hili, kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyeliona.

Sheryl akiwa darasa la tatu alilazwa hapa kwa malaria, ikapanda kichwani. Sikumwita Ogola. Sijui nani alimwambia. Nilikuwa nabadilisha dripu nikamwona kwenye dirisha la wodi, nje, kwenye jua, na mfuko mkononi. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Angeingia, nani angemzuia, ni baba. Na mtoto alikuwa anaita baba kwa ile homa. Hakuingia. Mtu aliyefukuza mke na watoto haji kukaa kitandani kwao, watu wangejua. Alisimama pale mpaka homa iliposhuka, nikamwonyesha kidole kikielekea chini, kwamba imeshuka. Akampa mlinzi mapapai mawili, akamwambia yametoka kwa mtu wa kanisa, akaondoka.

Hilo ndilo ningelisema kwenye ukurasa wangu. Simu yangu ilikuwa wazi wiki nzima ile, Ondiek. Hukupiga.

Dorca